Peleka wimbo, uliza swali: ushauri kwa walimu wa muziki wa chekechea

Katika shule nyingi za awali, mwalimu anayeshika nyimbo ni mmoja tu. Wenzake humwita watoto wapya wanapoanza kulia, mwalimu mkuu humkumbuka wageni wanapokuja, na wazazi humfahamu siku ya mahafali. Siku nyingine zote yuko na maswali yake. Kwa nini watoto wa miaka minne wanapiga kelele badala ya kuimba? Amfanyeje mtoto ambaye hajafungua kinywa tangu shule ifunguliwe Januari? Kayamba tatu atazigawaje kwa watoto sitini? Mwalimu wa hesabu akikwama huvuka korido akamuuliza mwenzake. Wa nyimbo hana korido ya kuvuka.

Wenzake wapo, ila wametawanyika: Budapest, Accra, Osaka, Muscat, Toronto, na pengine wilaya ya pili tu kutoka hapo alipo. Makala haya yanahusu namna ya kuwapata na, lililo gumu zaidi, namna ya kudumu nao. Nina jambo moja la kusisitiza tangu mwanzo: urafiki wa kikazi wa aina hii husimama pale kila upande unapotoa. Anayekuja kuomba tu huchosha, na anayekuja kufundisha tu hasikilizwi. Kwa hiyo kila unapobisha hodi, uwe na vitu viwili: wimbo mmoja unaoujua vizuri, na swali moja linalotoka darasani kwako.

Huendi mikono mitupu

Walimu wengi wa awali hapa kwetu hudhani kwamba elimu ya muziki iko ng'ambo na wao ni wapokeaji. Historia inasema vingine.

Chukua solfa. Wengi wetu tumelelewa kwenye kwaya, na kwaya ndiyo iliyotufundisha do, re, mi, fa, so, la, ti. Mfumo huo ulienezwa Uingereza katika karne ya 19 na mchungaji John Curwen, aliyejenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, na wamisionari wakaufikisha Afrika. Mtunzi wa Hungaria, Zoltán Kodály, naye aliukuta Uingereza, akauchukua pamoja na ishara zake za mkono, na leo ni nguzo ya ufundishaji unaoitwa kwa jina lake. Kwa hiyo mwalimu wa Mbeya aliyejifunza solfa kwenye benchi la kanisa, na mwalimu wa Kecskemét aliyeisomea chuoni, wanasoma kitu kimoja. Mwandikie wimbo wako kwa herufi za solfa na atauimba siku hiyohiyo, hata kama Kiswahili hakijui.

Chukua pia marimba. Carl Orff na Gunild Keetman walipokuwa wakitafuta ala nyepesi za kufundishia huko Munich katika miaka ya 1920, marimba ndogo iliyotoka Kamerun ilikuwa kielelezo cha ala ambazo fundi Karl Maendler aliwatengenezea. Ala hizo sasa ziko katika shule za dunia nzima, na huku kwetu zinaagizwa kwa bei ambayo shule ya kata haiwezi kuigusa. Tena, walimu wa mbinu ya Orff kutoka Amerika na Ulaya wamekuwa wakisafiri hadi Dzodze, kusini-mashariki mwa Ghana, kujifunza ngoma na michezo ya Waewe. Wamegundua kwamba mambo wanayoyatafuta kwa juhudi darasani kwao, yaani mtoto kuimba, kucheza na kupiga mdundo kwa wakati mmoja, huku ni mchezo wa kawaida wa jioni.

Basi jihesabie ulicho nacho. Unajua kuendesha watoto wengi kwa sauti yako peke yake. Unajua nyimbo za kuitikia ambazo mtoto huziingia bila kufundishwa maneno yote. Unajua kutengeneza ala kwa vifuu vya nazi, vizibo vya soda na matete. Mwalimu wa Helsinki mwenye kabati lililojaa ala anaweza kukosa vitu hivi vitatu.

Anzia karibu

Kosa la kawaida ni kuruka moja kwa moja hadi kwenye mikutano mikubwa. Anza na watu watatu au wanne mnaofundisha umri mmoja, mnaoweza kuelewana kwa Kiswahili. Mwalimu wa Tanzania, mwenzake wa ECDE (elimu ya awali) katika kaunti ya Kenya, wa Bukavu na wa Bujumbura wanaweza kuzungumza bila mkalimani, na papo hapo wa Bukavu na Bujumbura wanawafungulia mlango wa walimu wanaotumia Kifaransa. Waongeze Waswahili walioko Muscat, London au Minneapolis wanaotaka watoto wao wasiusahau Kiswahili. Hao wana shida ya nyimbo kuliko mnavyodhani.

Ukanda wetu una mfano mzuri wa walimu waliojengana hivyo. Katika miaka ya 1980, jamii za Waislamu za mwambao wa Kenya zilitaka watoto wao wapate elimu ya awali bila kuacha malezi ya dini. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na chini ya uongozi wa mwalimu Bi Swafiya Said wa Mombasa, zikaanzishwa shule za awali za Madrasa, ambazo baadaye zilienea hadi Zanzibar na Uganda. Mtaala wake ulichanganya mafunzo ya dini na nyimbo, hadithi na vifaa vya kujifunzia vilivyotengenezwa kwa vitu vya hapohapo. Walimu walikuwa wanawake wa mitaa hiyohiyo, waliofundishwa na kisha kufuatwa darasani na wakufunzi wao mara kwa mara. Somo lake ni kwamba mafunzo ya wiki moja hotelini husahaulika, lakini mtu anayerudi kukuuliza hali ya darasa lako hukubadilisha.

Mkishazoeana ninyi wachache, tazameni mbali. Shirika la kimataifa la elimu ya muziki, ISME, lilianzishwa Brussels mwaka 1953 kwa mkono wa UNESCO. Lina kamisheni maalumu ya elimu ya muziki kwa watoto wadogo, na hufanya mkutano mkuu kila baada ya miaka miwili. Mwaka 1998 mkutano huo ulikuwa Pretoria. Mwaka 2022, kwa sababu ya korona, ulifanyika mtandaoni, na kusikiliza hakukuhitaji viza. Usione kwamba mahali hapo ni pa maprofesa tu. Katalin Forrai wa Hungaria, aliyetumia maisha yake kwa nyimbo za chekechea, aliliongoza shirika hilo kuanzia mwaka 1988 hadi 1990. Wapo pia wafuasi wa mbinu za kufundisha muziki za Kodály, Orff, Suzuki na Dalcroze, kila kundi na vyama vyake katika nchi nyingi. Chagua kimoja kinachofanana na kazi yako. Ukijiunga na vyote, hutashiriki hata kimoja.

Ujumbe wa kwanza

Watu hujibu ujumbe mfupi wenye jambo la kushika. Hawajibu barua ya kurasa mbili inayoanza na salamu za serikali na kuishia na maombi ya ufadhili. Andika hivi, kwa lugha ile mnayokutana nayo:

"Mwalimu, habari za kazi. Ninafundisha shule ya awali Tabora, Tanzania. Nina watoto 54 wa miaka minne na mitano. Ala zetu ni ngoma moja na kayamba tatu. Nimekutumia wimbo wa mchezo wa duara wanaoupenda, pamoja na maelezo yake. Utumie darasani kwako, ila watajie watoto wako ulikotoka. Swali langu ni moja: unamsaidiaje mtoto anayecheza vizuri lakini haimbi? Mistari miwili itanitosha."

Ujumbe huo umemwambia mwenzako wewe ni nani, una nini, unatoa nini na unataka nini. Umemwekea pia kipimo cha jibu, kwa hiyo hataliahirisha. Kiingereza chako kikiwa cha kuungaunga, tuma hivyohivyo. Mwalimu wa Osaka naye anaunga.

Msaada wa fedha usiuweke kwenye ujumbe wa kwanza, wala wa pili. Ukifika wakati wake, eleza kitu chenyewe na bei yake. "Ngozi ya ngoma imepasuka" ni ombi linaloeleweka kuliko "tunakabiliwa na changamoto nyingi."

Kadi ya wimbo

Wimbo ukisafiri bila maelezo hufika kiwete. Mwalimu wa mbali ataimba maneno asiyoyaelewa, ataukosea mchezo wake, na watoto wake watakwambia Afrika ni kupiga kelele na kuruka. Kwa hiyo kila wimbo utume pamoja na kadi fupi yenye mambo haya:

- Jina la wimbo, lugha, na mahali unapoimbwa.
- Aliyekufundisha: bibi, mwalimu, watoto wenyewe. Ukiwa na mtunzi anayejulikana, mtaje, na uombe ruhusa yake.
- Maana ya maneno, mstari kwa mstari. Neno lisilo na maana, liandikie kwamba ni la kuchezea sauti tu.
- Mchezo wake: watoto wanasimama vipi, nani anaanzisha, nani anaitikia, anayetolewa anafanya nini.
- Umri wa watoto na wakati wa kuuimba.
- Rekodi mbili za sauti: moja ya taratibu, moja kwa mwendo wake halisi.

Ziko nyimbo ambazo hazisafiri. Nyimbo za unyago na jando zina wenyewe na zina wakati wake, hata kama lahani yake ni tamu. Nyimbo za msiba, vilevile. Kasida na nyimbo za ibada zitolewe pamoja na maelezo ya heshima yake, ili zisigeuzwe kuwa mchezo wa kukimbizana. Eleza pia mipaka ya nyumbani. Mwambao mzima, hadi Zanzibar na Muscat, wapo wazazi wasiopenda ala za muziki, na kwao sauti ya binadamu, pengine na dufu, inatosha. Mwenzako wa Toronto mwenye watoto wa familia kama hizo atashukuru kuambiwa na mtu anayeyajua mambo hayo kwa ndani.

Kama hujui uanze na wimbo gani, anza na wa kubembeleza. Mtafiti Sandra Trehub na wenzake huko Kanada walionyesha mwaka 1993 kwamba watu wazima waliosikilizishwa nyimbo za tamaduni wasizozijua waliweza kutambua upi ni wa kumlaza mtoto na upi si wa kumlaza. Wimbo wa aina hiyo haupotei njiani, na kila mwalimu ana wake wa kukurudishia.

Ipime mbinu kwa darasa lako

Ushauri wa mbali huja umevaa nguo za kwao. Darasa la muziki la watoto wachanga huko Marekani mara nyingi huwa na watoto wachache, kila mmoja na mzazi wake. Mbinu ya Shinichi Suzuki, iliyokulia Matsumoto nchini Japani, inamtaka mzazi ahudhurie masomo na kumsikilizisha mtoto muziki kila siku nyumbani. Ukiipeleka mbinu hiyo kama ilivyo kwa mtoto ambaye mama yake yuko sokoni tangu alfajiri, utalaumu mbinu, au vibaya zaidi, utamlaumu mama.

Jiulize mbinu inataka kufikia nini, kisha tafuta njia yako ya kufika. Suzuki anataka mtoto ausikie wimbo mara nyingi kabla ya kuupiga. Hilo linawezekana: rekodi wimbo wa wiki, utume kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, omba uchezwe jioni wakati wa kupika. Mwenzako anasema kila mtoto ashike ala? Gawa darasa katika maduara manne, kila duara na kiongozi wake mtoto. Duara moja lina ala, la pili linapiga makofi, la tatu linacheza, la nne linaimba, na kila mzunguko ukiisha mnabadilishana. Mwandikie mwenzako jinsi ulivyoibadilisha, maana naye siku ikifika amepewa watoto thelathini atakukumbuka.

Liko pia lile lisilobadilika, kwa sababu ni koo la mtoto. Watoto wengi wa miaka mitatu hadi mitano huimba vizuri kati ya re iliyo juu kidogo ya do ya kati ya kinanda na la inayofuata. Mwalimu wa kiume, au mwalimu wa kike aliyezoea kuimba alto kwenye kwaya, akianzisha wimbo pale palipo rahisi kwake, watoto hubaki wananguruma chini na baada ya muda wanageuza wimbo kuwa kelele. Huu ndio mfano wa tatizo ambalo mtu wa mbali analisikia kwenye rekodi ya nusu dakika, wakati wewe uliye ndani ya chumba hulisikii. Akikwambia "pandisha mwanzo wako", jaribu kesho yake asubuhi na umpe matokeo.

Kuangaliana kazi bila kuumizana

Mkifikia hatua ya kutumiana rekodi za masomo, wekeni kanuni mapema. Wa kwanza kutuma ndiye anayeuliza. Wengine hujibu alichouliza tu. Kama ameuliza kuhusu mwendo wa wimbo, lafudhi yake na mavazi yake hayajadiliwi.

Anayetoa maoni aanze na walichofanya watoto, kabla ya alichofanya mwalimu. "Kwenye kiitikio cha pili watoto wa nyuma waliacha kuimba" ni taarifa ambayo mwalimu anaweza kuitumia. "Somo lako halivutii" ni hukumu, na haimfundishi mtu. Baada ya taarifa, toa pendekezo moja. Moja linajaribika Jumatatu; saba yanabaki kwenye simu.

Kwetu kuna ugumu wa ziada: mdogo hamkosoi mkubwa, na mgeni hukaribishwa kwa sifa. Mwalimu kijana wa Morogoro hatamwambia mama mwenye miaka thelathini kazini kwamba wimbo ulikwenda mbio. Mpe njia ya heshima. Aulize: "Mama, ungeuimba taratibu, unadhani wale wadogo wangeshika?" Na wewe uliye mkubwa, tuma rekodi yako kwanza. Vijana hufungua midomo wakiona mkubwa ameweka kazi yake mezani.

Watoto si tangazo

Hapa sitalegeza. Video ya watoto wanaoimba ni taarifa binafsi za watoto hao. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kabla ya kurusha chochote, pata ruhusa ya mzazi na ya shule, kwa maandishi, ikieleza nani ataona na kwa kazi gani. "Wazazi wetu hawana neno" haitoshi.

Mara nyingi huhitaji sura ya mtoto. Rekodi sauti tu. Piga picha za mikono inayopiga makofi na miguu inayocheza. Au kusanya walimu watatu baada ya saa za kazi, muonyeshe mchezo wenyewe. Mwenzako wa mbali ataelewa vizuri zaidi, maana watu wazima hawatoki nje ya duara kumfuata paka. Usitaje majina ya watoto, wala usieleze shida ya nyumbani kwao kwa namna ambayo jirani angewatambua. Na mtu wa ng'ambo akikuomba video za watoto "masikini" kwa ajili ya kuchangisha, mkatalie.

Saa, bando na mihula

Mengi huvunjika kwa mambo madogo. Saa tisa alasiri ya Dar es Salaam au Nairobi, London ni saa sita au saa saba mchana kulingana na msimu, New York ni saa moja au saa mbili asubuhi, na Tokyo ni saa tatu usiku. Dirisha hilo ni jembamba lakini lipo. Mkipanga, andikeni saa pamoja na jina la mji, kwa sababu saa tatu yetu na saa tatu ya mwenzako ni vitu viwili.

Mazungumzo ya video hula bando na hukatika umeme ukikatika. Yafanyeni mara chache. Katikati tumieni ujumbe wa sauti, ambao kila mtu husikiliza akipata mtandao. Muziki wa moja kwa moja kwa pamoja msiujaribu: sauti huchelewa njiani, na wimbo wa watu wawili hugeuka kuwa vurugu ya watu wawili. Mmoja aimbe, mwingine azime kipaza sauti na kuitikia kwake.

Tazameni pia kalenda. Mwaka wa shule huku huanza Januari, Japani Aprili, na sehemu kubwa ya Ulaya na Amerika Kaskazini Agosti au Septemba. Mwenzako akinyamaza Julai, yumkini yuko likizo. Hata hivyo tofauti hiyo ina faida: anapokuwa na wiki ya kwanza ya watoto wanaolia, wewe umeshaipita, na nyimbo zako za kuwatuliza bado ziko moto.

Irudishe nyumbani

Methali inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukishapata jambo kutoka mbali, lisikae kwenye simu yako. Mwalimu wa darasa la pili, dada anayewashika watoto saa ya uji, mama wa mtaani anayelea watoto sita barazani kwake: hao wote wanaimba na watoto, na hakuna mkutano wa kimataifa utakaowafikia. Waombe nusu saa ya Ijumaa moja kila mwezi, muimbe wimbo mmoja uliotoka kwa mwenzako na mmoja wa kwao. Mwite mwalimu mkuu siku mojawapo, naye acheze. Akicheza mwenyewe, siku ya kupanga ratiba hatakuwa wa kwanza kukata kipindi cha muziki ili hesabu ipate nafasi.

Wiki hii fanya mambo matatu. Rekodi wimbo mmoja na uandike kadi yake. Andika swali moja linalokusumbua kweli, lisizidi mistari miwili. Tuma vyote kwa mwalimu mmoja wa nje ya wilaya yako. Asipojibu ndani ya wiki mbili, mtumie mwingine, na usibadilishe wimbo.